Mtandao Uliokatika Mkwe Akirudi Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya kanisani, vyeupe, vyenye visigino. Nilikuwa msichana wa Lukuledi niliyepata nafasi ya kujifunza ufundi katika ofisi ya simu pale Masasi, na mama yangu alishikilia kwamba mtu haendi kazini kama anayekwenda kupalilia mihogo. Bwana Msimamizi wa Mitambo, mtu wa Tanga mwenye sauti ndogo, aliniangalia kuanzia chini mpaka juu, akasema, "Binti, hapa tunapanda nguzo, hatuendi kupokea komunyo." Akaniazimia raba za mlinzi. Zilinizidi, nikazijaza magazeti, nikapanda. Watu waliokuwa wanatoka sokoni walisimama kutazama mwanamke juu ya nguzo, na mzee mmoja akauliza kwa nguvu mume wangu yuko wapi. Mume sikuwa naye wakati ule. Nilikuwa na koleo, na koleo ndilo nililolihitaji.

Ninayaandika haya kwa ajili yenu ninyi vijana mnaojiita mafundi kwa sababu mnajua kuzima na kuwasha. Msinune, nawatania. Mnajua mengi ambayo sisi hatukuyajua. Ila kuna kazi moja niliyoifanya baada ya kustaafu, katika nyumba moja ya Newala ambako mama mtu mzima alikuwa amefunga mzigo ahame kiwanja chake mwenyewe kwa sababu ya kompyuta mbili, na kila ninapoikumbuka naona ilinihitaji na uzee wangu wote. Nitafika huko. Kwanza mjue nilikotokea.

Wakati wetu simu ilipita kwenye waya wa shaba, na waya ulikaa juu ya vikombe vya kauri vilivyofungwa kwenye nguzo ili umeme wa sauti usivujie kwenye mti. Simu ikifa, fundi alitembea na mita, kile kisanduku chenye mshale kinachoonyesha kama waya ni mzima au umekatika. Siku moja niliitwa kwenye duka moja karibu na stendi ya Masasi ambako simu ilikuwa bubu. Nikapima pale dukani, mshale ukalala, nikarudi kutoa taarifa kwamba waya umekatika.

Bwana Msimamizi alikuwa anakunywa chai. Akauliza, "Umepima upande gani?"

"Wa dukani, mzee."

"Na wa huku kwetu?"

"Bado."

"Basi hujapima. Waya una ncha mbili, binti. Anayepima moja anakisia tu."

Akaendelea na chai yake. Hakunigombeza, hakupandisha sauti, na nadhani ndiyo maana maneno yale yameishi ndani yangu kuliko kofi. Nikaenda kupima ncha ya pili, tatizo nikalikuta hapohapo ofisini, hatua chache kutoka kwenye kikombe chake cha chai.

Kutoka Masasi nilihamishiwa Newala. Mkuu wa Kituo wa kule alikuwa mkali kwa jambo moja tu, nalo ni maji. Fundi akionekana ananawa uso kwa maji ya ndoo nzima, alisemwa mbele ya watu. Mengine yote alikuachia mwenyewe. Huko ndiko nilikojifunza kwamba kila mahali pana ugonjwa wake. Newala ipo juu, ukungu wa asubuhi unaingia mpaka ndani ya makabati ya mitambo, na radi za masika hazina adabu. Halafu kuna salfa, ile dawa ya unga wanayopuliza kwenye mikorosho. Msimu wake ukifika, unga unasafiri na upepo, unaingia madirishani, na shaba yote inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Mafundi waliotumwa kutoka Dar es Salaam walikuwa wanabadilisha vifaa vizima. Sisi tulisugua viungo kwa kitambaa na simu zikaongea. Si kwamba tulikuwa na akili kuwashinda, ni kwamba tuliishi humo.

Kompyuta zilipokuja maofisini, wenzangu wengi wa rika langu walisema hayo ni ya watoto. Mimi nilimwomba Ofisa Utumishi anipeleke kozi. Akaniuliza kwa upole kama macho yangu yataweza. Nikamwambia macho yangu yameona waya mwembamba juu ya nguzo kwenye ukungu, herufi kwenye kioo hazitanishinda. Nikaenda, nikakaa darasani na vijana wenye umri wa mwanangu Editha, wakawa wananiita mama na kunibebea begi. Nilifurahi kweli, siwezi kuficha. Nikarudi nikaunganisha ofisi za wilaya: kebo, ruta ambayo ndiyo inayogawa mtandao kwa kila mashine, na namba.

Hizi namba nizieleze, maana kisa chote kimekaa hapa. Kila kompyuta kwenye mtandao ina anwani yake, namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Tatu za mwanzo hufanana kwa mashine zote za nyumba moja, kama jina la ukoo. Ya mwisho ni ya mashine yenyewe peke yake. Ukitaka kujua kama mashine mbili zinasikiana, unaiambia hii ipige hodi kwa namba ya ile, unasubiri kama itaitikiwa. Sisi mafundi tunaita kupiga pingi. Kwa kawaida ruta ndiyo inayogawa hizo namba, lakini mtu anayetaka mashine yake isibadilikebadilike anaweza kuiandikia namba ya kudumu kwa mkono wake.

Nikastaafu, nikabaki Newala kwa sababu nilishazoea baridi yake. Nikapanda mboga, nikalala mchana. Ndipo siku moja akaja Mama Shani, mfanyabiashara wa vitenge tuliyefahamiana sokoni, akaketi barazani kwangu bila hata kufungua mtandio.

"Shikamoo, Mama Editha."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka?"

"Mama yangu anaondoka Ijumaa. Anakwenda kwa dada Kitangari. Amefunga mzigo."

Mtu anayehama Newala kwenda Kitangari, akikiacha kiwanja chake mwenyewe, ana jambo moyoni. Nikamwambia aseme yote. Mama yake, Bi Somoe, nilikuwa namfahamu kwa kusikia: mwanamke wa heshima, mkali kidogo, mjane. Kiwanja ni chake. Mama Shani na mumewe walijenga juu ya kiwanja hicho nyumba moja nzuri ya bati, wakampa mama chumba cha mwisho wa korido. Mume ni mwalimu wa kemia, mtu wa Singida, mpole. Mdogo wake Mama Shani, Rehema, yuko India anasomea uuguzi, na alipoondoka aliacha kompyuta yake kwa mama ili waonane usoni jioni jioni. Simu ya Bi Somoe ni ya tochi, haina picha.

"Sasa mtandao wa mama unakatika," akasema Mama Shani. "Na unakatika baba Shani anaporudi kutoka shuleni. Akiwa hayupo, upo. Akirudi, hakuna. Mama anasema mkwe wake anamkatia makusudi, hataki amwone mwanawe. Baba Shani anaapa hajagusa kitu. Ameleta mafundi mara mbili, wakasema mtandao ni mzima. Akiondoka mama, watu watasema mkwe kamfukuza kwenye ardhi yake. Na mimi, Mama Editha, niseme nini? Yule ni mama yangu, huyu ni mume wangu."

Akaanza kulia kimyakimya. Nikamuuliza jambo moja tu: hao mafundi walikwenda chumbani kwa mama?

Akafuta macho. "Wangeendaje? Ni rafiki zake baba Shani, wanamwita mama mkwe vilevile. Walipima sebuleni. Baba Shani mwenyewe hajawahi kukanyaga mlango ule."

Nikaenda kuvaa viatu.

Vijana wa siku hizi mnaweza kucheka, lakini kwetu mkwe ni mkwe. Mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake, hata nyumba iwe inaungua anaita mtu mwingine. Kwao Singida ni hivyohivyo, na Mwalimu alikuwa amelelewa. Mimi ni mwanamke, rika la Bi Somoe, mlango ule kwangu ulikuwa mlango tu.

Nilifika mchana, Mwalimu akiwa bado shuleni. Bi Somoe alinipokea vizuri, akanimiminia maji ya kunawa kwa kikombe, kidogokidogo, kama mtu wa Newala. Mzigo niliuona nyuma ya mlango, umefungwa kwa kanga. Kompyuta ilikuwa kwenye meza ndogo, na mtandao ulikuwepo.

"Si unaona," akasema. "Yeye hayupo, upo. Wewe kaa hapa, tule mihogo, umsubiri."

Nikaanza na yanayoanzwa. Nilifuata kebo kutoka kwenye mashine yake, ikipanda ukutani, ikipita juu ya dari, mpaka kwenye ruta sebuleni. Panya hawakuigusa. Plagi nilizichomoa na kuzitazama, shaba inang'aa, hakuna salfa. Taa za ruta zilikuwa zinawaka kama zinavyotakiwa. Nikarudi kula mihogo. Bi Somoe alinieleza habari za Rehema, jinsi alivyokuwa mgonjwamgonjwa utotoni, jinsi asivyopenda chakula cha huko, na jinsi picha inavyoganda mdomo wa mwanawe ukiwa wazi, katikati ya neno. Akasema, "Mimi sijawahi kumkosea huyu kijana. Nimempa kiwanja. Nimempa mtoto. Kama amenichoka aseme." Niliumia kumsikiliza.

Jioni Mwalimu akarudi. Tulimsikia akiweka pikipiki vizuri kibarazani, akiingia sebuleni, akivuta kiti. Ukapita muda wa kumeza mate. Mtandao wa Bi Somoe ukakatika.

"Umejionea, shoga yangu," akasema, wala hakuonekana kufurahia kuwa sahihi.

Na mimi, nisiwadanganye, nilitetereka. Kwa kitambo kile niliamini kabisa kwamba yule mwalimu mpole kule sebuleni ana roho mbaya. Kilichonirudisha ni kidirisha kidogo kilichochomoza kwenye kona ya kioo. Bi Somoe alikuwa anapeleka mkono akifute.

"Hicho ni nini?"

"Matangazo yao ya Kizungu. Huja kila siku, nakifukuza."

Nikamshika mkono, nikasoma. Kilikuwa kinasema kwamba kuna mashine nyingine kwenye mtandao huu inatumia namba hiihii. Nikafungua mahali namba inapokaa, nikaitazama mpaka nikaikariri, kisha nikatoka kwenda sebuleni.

Mwalimu alisimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Nionyeshe namba ya mashine yako."

Akanionyesha. Namba zote nne zilikuwa zilezile, mpaka ya mwisho. Nikavuta kiti nikakaa. Kompyuta mbili zenye anwani moja ni kama watu wawili wanaodai kitanda kimoja: mmoja lazima ashuke. Mashine ya Bi Somoe ilikuwa na tabia nzuri, ikikuta namba yake inatumiwa inajitoa na kuandika kijitaarifa. Ya Mwalimu ilikuwa na programu nyingine isiyouliza. Ikiwashwa, inatwaa. Kwa hiyo Bi Somoe alisema kweli kwamba mkwe akirudi anakatiwa, na Mwalimu alisema kweli kwamba hajagusa kitu.

"Nani aliandika namba kule chumbani?" nikamuuliza.

"Mama Shani. Mimi nilimsomea kutoka hapa, kwa sauti, nikisoma kwenye kioo changu. Nilitaka mashine zote mbili ziitumie printa bila usumbufu."

"Na ya mwisho hukumwambia aibadilishe?"

Nilimwona Mwalimu anakumbuka. Akainamisha kichwa, akaongea taratibu sana, lakini nyumba ile dari yake ni moja na sauti inatembea.

"Nilitaka kumwambia. Nilishasema, 'Sasa hiyo ya mwisho...' halafu mama akatoka kwenye korido. Nikasimama kumwamkia. Sikuweza kuendelea kupiga kelele kuelekea chumbani kwake na yeye amesimama pale. Nikanyamaza mpaka apite. Alipopita, Mama Shani alikuwa ameshamaliza, na mimi nikasahau."

Mama Shani, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu, akashika mdomo. Akasema, "Mimi nilidhani umemaliza, nikaandika ya mwisho kama ulivyoisoma."

Nikarudi chumbani. Bi Somoe alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini. Alikuwa amesikia kila neno.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "alinyamaza kwa ajili ya kuniheshimu mimi."

"Ndiyo, Bi Somoe."

"Na mimi nikamnunia kwa hilo."

Nikakaa kwenye mashine. Nikabadilisha namba ya mwisho, kazi ya kufumba na kufumbua. Nikapiga pingi kuelekea sebuleni. Ikaitikiwa. Nikamwita Mwalimu kwa sauti, nikamwambia apige kutoka kwake kuja huku. Akajibu kutoka sebuleni kwamba imeitika. Nikamwambia azime mashine yake, aiwashe tena, na mimi na Bi Somoe tukatazama kioo bila kupumua. Mtandao haukutikisika.

Vijana huniuliza kama sijutii kuifanya kazi yangu huku Newala, mbali na mitambo mikubwa. Sijutii. Nimepandishwa cheo kwa kuchelewa, nimenyeshewa mvua zote za barabara ya Masasi, na radi imewahi kunitupa chini nikaamka naulizwa jina langu. Lakini kila nilipoinua kifaa cha simu nikasikia mtu wa upande wa pili anasema "naam", nilifurahi kama siku ya kwanza, na ile furaha haikuzeeka pamoja nami. Jirani yangu hapa alikuwa karani wa kodi na hadi leo analalamikia mafaili. Mimi nalala vizuri. Ninachowasihi ni kwamba msikimbilie kuniambia kifaa ni kibovu kabla hamjauliza nani aliketi wapi, na nani hakuthubutu kuingia wapi. Kwenye nyumba zetu hilo ni sehemu ya ufundi, na hakuna kozi inayolifundisha.

Siku ile kwa Bi Somoe nilikuwa nimeshafunga begi langu niondoke, nikiona kazi imekwisha, Rehema alipopiga. Uso wake ukajaa kioo, akicheka, nywele zimesukwa mtindo wa huko. Bi Somoe hakuitikia salamu yake. Alimtazama, akatazama mlango wa chumba chake, akamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu, usikate."

Akanigeukia. "Mama Editha, hii kebo ikifupishwa, kompyuta inaweza kukaa sebuleni?"

"Inaweza. Hata kufupisha si lazima."

"Basi tuitoe. Yeye haruhusiwi kuingia kwangu, lakini mimi sijakatazwa kutoka."

Mama Shani alibeba meza, mimi nikabeba kompyuta, na Bi Somoe akabeba kiti chake mwenyewe, hakutaka msaada. Tukaiweka mashine kando ya ile ya Mwalimu, nikachomeka kebo, tukasubiri, na Rehema akarudi akiuliza kumetokea nini, mbona aliona dari. Mwalimu alikuwa amesimama karibu na ukuta, macho sakafuni, tayari kutoka nje kama ilivyo desturi yake mama mkwe anapoingia. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao tangu aoe: mmoja akiingia, mwingine anatoka.

"Kaa, mwanangu," Bi Somoe akamwambia. Wala hakumtazama, alikuwa anakisogeza kiti. "Kama unaona haya kunitazama mimi, mtazame shemeji yako. Anakusalimia."

Mwalimu akakaa. Akainua macho taratibu mpaka kwenye kioo, na Rehema akampungia mkono.